Futikamba Wodini: Dawa za Saikosisi na Damu Inayoganda

Ndugu wauguzi, matabibu na wanafunzi, dawa za saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, kama klopromazini, haloperidoli, olanzapini na klozapini, mnazigawa kila siku, sina haja ya kuwaeleza kazi yake. Nimekuja na futikamba, hii hii ya fundi cherehani, na ninarudia ninalolisema kila ninapopewa nafasi: anayeanzishwa dawa hizi apimwe miguu siku ya kwanza, kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda kuwa donge ndani ya mishipa.

Mlaze chali, magoti yalegee. Papasa kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti, teremka sentimita 10, weka alama ya kalamu. Zungusha futikamba bila kubana. Fanya hivyo mguu wa pili, uandike namba zote mbili kwenye faili. Kisha kila wiki, kwa miezi mitatu. Shavu la mguu mmoja likizidi la mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, au likiuma na kupata joto hata kama halijafika huko, apelekwe kupigwa ultrasaundi ya mishipa. Na tafadhali, asichuliwe kwa mafuta! Donge linaweza kung'oka likaenda kuziba mapafu.

Kwa nini miezi mitatu? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2010 uliangalia watu zaidi ya 25,000 waliopata madonge kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Waliotumia dawa za saikosisi katika miaka miwili iliyotangulia walikuwa na hatari iliyozidi ya wasiotumia kwa asilimia 32. Walioanza ndani ya miezi mitatu, karibu mara mbili. Sweden, ripoti 12 za watumiaji wa klozapini zilichapishwa mwaka 2000: wanane dalili zilianza ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na watano walifariki.

Najua kuna atakayeuliza: basi tuwaachishe dawa? Hapana, hapana kabisa. Utafiti ule ule wa Uingereza ulikadiria wagonjwa 4 wa ziada wa madonge kwa kila 10,000 wanaotibiwa mwaka mzima, na 10 kwa wenye miaka 65 na zaidi. Saikosisi isiyotibiwa inaumiza wengi kuliko hao. Ninachodai ni kupima, na futikamba haina gharama ya kutufanya tuvutane.

Kinachoniuma zaidi ni malalamiko ya kifua yanavyopuuzwa. Mgonjwa anasema, "Kifua kinanibana, pumzi haiingii," na faili linaandikwa: ana wasiwasi, aongezewe dawa ya usingizi. Kwa nini neno lake lishushwe thamani kwa sababu ana ugonjwa wa akili? Klozapini yenyewe huufanya moyo uende mbio katika wiki za mwanzo, ndiyo maana mapigo 120 kwa dakika yanazoeleka na hakuna anayeshtuka. Msiyazoee. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma anapovuta hewa, akikohoa damu au akizimia, hesabu pumzi kwa dakika nzima, pima oksijeni, mpe oksijeni ikiwa imeshuka, mwite daktari wakati huo huo. Kwa klozapini kumbukeni pia kuvimba kwa msuli wa moyo, nako huja mapema.

Muda umeniishia, nayataja tu mengine. Chanzo si kimoja: usingizi unaomlaza mchana kutwa, uzito unaopanda, prolaktini, homoni ya maziwa, inayopanda, pengine kingamwili zinazochochea kuganda. Aliyefungwa kitandani hatembei wala hanywi maji. Mfungueni mapema, mnywesheni, mzungusheni wodini. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni waulizwe kabla ya kuanza dawa hizi.

Donge likithibitishwa, dawa ya saikosisi isikatwe ghafla. Daktari wa akili na wa magonjwa ya ndani wakae pamoja. Na anayeandikiwa rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 15 mara mbili kwa siku 21, kisha 20 mara moja, chati yake ikaguliwe kama hatumii karbamazepini, dawa ya kifafa. Karbamazepini hulifanya ini liivunje rivaroksabani haraka, mgonjwa anameza vidonge vyake vyote na damu bado inaganda.