Shule ya namba 4 Houston: majibu ya komenti zenu

Haya jamani mambo vipi, wakubwa zangu shikamooni, na nyie mnaoangalia kimyakimya bila hata kulaiki nawaona. Leo nipo jikoni, mtoto kalala, kwa hiyo nikishusha sauti ujue ni mimi sio simu yako.

Sasa ile video ya siku ya kwanza ya shule imeleta maneno. Kuna kaka kaandika "dada umevuka bahari yote hiyo ukampeleke mtoto shule ya namba 4?" na watu wakamlaiki kweli kweli. Ametafuta jina la shule kwenye Google, akakuta alama 4 kati ya 10, akaja nayo mbio. Sijakasirika, ila hiyo namba tuiongelee vizuri, maana najua wengi mnasubiri viza na wengine mmeshafika mpo kwenye apatimenti ya ndugu mnatafuta pa kuhamia, na kitu cha kwanza mtakachoonyeshwa ni hiyo namba.

Iko hivi. Kuna taasisi inaitwa GreatSchools, inazipa shule alama 1 mpaka 10, na ukiingia Zillow kutafuta nyumba unaikuta pale pale, umetoka kuangalia picha za jiko na bafu, unashuka chini kidogo, namba ya shule hiyo hapo. Na huku shule ya serikali kwa kawaida unaenda ya zoni yako, anwani ndo inaamua, so ukichagua nyumba umeshachagua na shule. Wenye nyumba wanalijua hilo vizuri sana. Vuka barabara moja tu uingie zoni ya namba 9 uone kodi inavyoruka, na zulia ni lile lile na mende ni wale wale.

Alafu kuna alama ya jimbo lenyewe, Texas wanatoa A mpaka F, na kwa shule ya msingi karibu kila kitu kinatoka kwenye STAAR, mtihani wa jimbo. Na STAAR inaanza darasa la tatu. Naomba hapo msikie vizuri. Mwanangu anaingia chekechea, ana miaka mitano. Ile namba 4 wameitengeneza watoto wa la tatu, la nne na la tano. Mwalimu atakayekaa naye kwenye lile zulia la rangi rangi kumfundisha herufi hayumo kwenye hiyo hesabu hata kidogo! Na zile alama za jimbo nazo msione ni kitu cha kila mwaka kama saa, wilaya za elimu ziliishtaki serikali kuhusu namna ya kupiga hesabu, matokeo ya 2023 yakakwama mahakamani yakaja kutoka Aprili 2025, yule mtoto aliyefanya mtihani la tano alishaondoka shuleni zamani.

Halafu angalia ni akina nani wanasoma pale. Shule yetu ina Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kibao, kuna Waafghani, kuna wa Honduras, wa Venezuela, mtoto anafika mwezi wa kumi hajui hata kuomba kwenda chooni kwa Kiingereza. Mwaka wa kwanza kwa kawaida matokeo yake hayahesabiwi kwenye alama ya shule, wa pili anaanza kuingia. Sasa we linganisha na mtaa ambao baba ni injinia wa mafuta na mtoto ana mwalimu wa ziada jumamosi. Kuna profesa wa Stanford anaitwa Sean Reardon, kakusanya matokeo ya darasa la 3 mpaka la 8 karibu Marekani nzima, na alichokiona ni kwamba wastani wa alama unafuatana sana na hali ya maisha ya familia, lakini ukipima mtoto amesogea kiasi gani toka mwaka hadi mwaka, picha inabadilika, kuna shule za watu wa kipato cha chini zinasogeza watoto vizuri tu na kuna za matajiri zimelala. Na sisi Tanzania si tunajua haya, NECTA, baraza la mitihani wenyewe, mwaka 2023 waliachana na mambo ya kutangaza shule kumi bora.

Sa nikueleze kilichonikamata mimi. Nilipoenda pale ofisini kuulizia, mbele yangu kulikuwa na mama wa Kikongo, kitenge chake, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hana Kiingereza. Sekretari hakumpandishia sauti kama wanavyofanyaga, ukipaza sauti eti ndo lugha inaeleweka. Akapiga simu laini ya wakalimani, akaweka spika, akamwambia mama kwa ishara akae, wakasubiri mpaka akapatikana mtu wa Kiswahili. Wakaanza fomu ya lugha ya nyumbani. Hii fomu nyie mnaokuja huku muijue, inauliza nyumbani mnaongea lugha gani, ukiandika Kiswahili mtoto anapimwa Kiingereza chake, na wazazi wetu wengi wanaogopa wanaandika "English" wakidhani mtoto ataonekana mjinga atawekwa darasa la nyuma. Yule sekretari akamweleza kupitia simu kwamba ni kwa ajili ya kumpa msaada, na hata akipimwa, kumuweka kwenye programu ni lazima mzazi akubali, anaweza kukataa. Polepole, na foleni nyuma imefika mlangoni, hakuna aliyeguna.

Nilienda na shule moja ya namba 9, ambayo sitaitaja, kule nilipewa karatasi ya kuskani. Nikauliza naweza kuona darasa? Jaza mtandaoni. Nikauliza mkalimani mnaye, kwa ajili ya bibi yake mtoto anayemchukua jioni? Jaza mtandaoni. Basi.

Ila sasa nisieleweke vibaya, maana najua mtasema aah dada kaenda kwa sababu kuna waswahili wenzake. Hapana. Maneno ya jamii nayo yanadanganya. Grupu letu la WhatsApp hapa Houston niliuliza, dakika mbili tu majibu yamejaa, "ile shule mbaya hiyo usiende, imejaa Wamexico". Nikaandika, mwenye mtoto anayesoma pale ni nani? Kimyaaa. Hata wale walioisifia namba 9 nusu yao hawana mtoto wa umri huo, wamesikia kanisani. Kwa hiyo nikawa namuuliza mtu kitu kimoja, mara ya mwisho mtoto wako alipata shida pale ulimpigia nani na akakujibu lini. Mwenye mtoto pale anakujibu mpaka jina la mwalimu na siku, asiye na mtoto anaanza kukwambia "wanasema".

Na hii ya kuaminiana sio hisia tu za mama mswahili. Kuna watafiti wawili, Anthony Bryk na Barbara Schneider, walizifuatilia shule za msingi za Chicago miaka ya 1990, kama 400 hivi, wakaangalia walimu, wazazi na mwalimu mkuu wanaaminiana kiasi gani. Zile zenye kuaminiana sana uwezekano wa kuwa kwenye kundi la zilizopanda hesabu na kusoma ulikuwa nusu kwa nusu, zile dhaifu ilikuwa moja kati ya saba. Yaani alama zenyewe zinapenda kupanda mahali ambapo watu wanaongea.

Lakini hapa hapa Houston kuna kesi inayonichanganya kidogo na ni haki niiseme. Houston ISD, wilaya ya elimu kubwa kuliko zote Texas, mwaka 2023 serikali ya jimbo iliichukua, bodi iliyochaguliwa na wananchi ikawekwa pembeni, akaletwa msimamizi mkuu Mike Miles. Chanzo ni alama, sekondari moja ilifeli miaka mfululizo, sheria ikaruhusu. Basi jamaa kaja na mfumo wake, shule kadhaa maktaba zikageuzwa vyumba vya kupeleka watoto wanaosumbua darasani, wazazi wakaandamana, walimu wengi wakaondoka. Na alama zikapanda! Kweli zimepanda, siwezi kukaa hapa nikawadanganya. Ila Novemba 2024 wilaya ikaomba wananchi waidhinishe mkopo wa dola bilioni 4.4 kukarabati majengo, na watu wakapiga hapana, wazazi wale wale ambao siku zote ndo wanaolalamika viyoyozi vimekufa. Walikuwa wanasema hatukuamini na hela. Sasa niambie, hapo shule imefaulu au imefeli? Mimi sijui kama ningebaki. Rafiki yangu kabaki na mwanae anasoma vizuri kuliko mwaka juzi, na bado yeye mwenyewe alipiga hapana.

Mume wangu yeye ni mtu wa namba, tumebishana kweli hapa mezani. Tukaishia hivi: tukaacha ile namba kubwa ya mbele tukaingia kwenye ripoti za jimbo zinazoitwa TAPR, zipo mtandaoni bure, tukatafuta mambo ya watoto wanasogea vipi, na walimu wa pale wana uzoefu wa miaka mingapi. Shule ya namba 4 kwenye kusogeza watoto ipo vizuri, na walimu wengi wamekaa muda mrefu. Ingekuwa watoto hawasogei nisingempeleka, niwe mkweli, ukarimu wa sekretari haumfundishi mtoto kusoma. Na bado mume wangu anasema akifika la tatu tutaongea upya, nimemwambia sawa, tutaongea.

Wanaouliza usajili: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, mkataba wa nyumba na bili ya umeme yenye jina lako. Kama unaishi kwa ndugu, piga kwanza ofisini uulize wanataka barua gani kutoka kwake, na kwingine itabidi muende naye. Basi la shule usilihesabie kama upo karibu, wilaya nyingi hapa chini ya maili mbili unampeleka mwenyewe, kwa hiyo kabla hujasaini mkataba tembea hiyo njia kwa mguu saa moja asubuhi uone kama kuna njia ya waenda kwa miguu. Sehemu nyingine Houston hakuna kabisa, unatembea kwenye mtaro. Aliyeuliza kuhusu Dallas, sikai Dallas, kuna dada yupo huko kwenye komenti kasema atajibu, mchokozeni.