Shata Haitoshi: Kumpiga Picha Ndege Mvumaji

Mabibi na mabwana, karibuni. Aliyeniuliza pale mlangoni kama mvumaji (hummingbird kwa Kiingereza) ndiye yule ndege wetu chozi, jibu ni hapana. Wavumaji wako bara la Amerika tu. Chozi mara nyingi hutua tawini ndipo anywe utamu wa ua. Mvumaji hunywa akiwa ananing'inia hewani, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Tupige hesabu kidogo. Mvumaji wa koo jekundu, yule wa mashariki ya Marekani, ana gramu 3 hivi na hupiga mabawa kama mara 50 kwa sekunde. Ncha ya bawa husafiri karibu sentimita 10 ikienda na 10 ikirudi. Basi ni mita 10 kwa sekunde. Ukipiga kwa shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/1000 ya sekunde, ncha imeshasogea sentimita nzima, na bawa lenyewe ni sentimita 4 na ushee! Panda hadi 1/4000, bado milimita 2 na nusu. Wengi wakifika hapo huenda kununua kamera ghali zaidi. Pesa ni zao.

Dawa ni flashi, tena iliyopunguzwa nguvu. Flashi ndogo ikiwaka kwa nguvu zote huchukua kiasi cha 1/1000 ya sekunde. Ukiishusha hadi 1/32 ya nguvu yake, haing'ai kwa unyonge. Inakatwa mapema, na mwanga wake haudumu hata 1/10000 ya sekunde. Mwanga huo ndio shata yako. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, aliwapiga picha wavumaji kwa mwanga wa namna hiyo tangu miaka ya 1930.

Kwa kuwa mwanga uliokatwa hivyo ni mchache, panga flashi tatu au nne karibu na ua, kivulini, na moja imulike ubao wa nyuma, la sivyo nyuma patakuwa usiku. Shata iache 1/200. Kisha zima flashi zote upige: picha ikitoka nyeusi tii, uko tayari. Ukiona chochote, jua linakuibia.

Chambo ni sukari kipimo 1 kwa maji 4. Asali usitie, huchacha.

Mwenyewe siku hizi napandisha nguvu ya flashi kidogo, mwanga udumu zaidi na ncha za mabawa zififie. Mvumaji aliyeganda kabisa huonekana kama katundikwa kwa pini.