Ua ni Mzima au Si Ua

Asalaam aleikum. Na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya kuzuia nyoka uani, na naanza na neno lenyewe. Kiswahili chetu chasema ua kwa mambo mawili: pale nyuma ya nyumba mama anapokuna nazi na watoto wanapocheza, na yale makuti yaliyopazunguka. Wazee hawakutenga mahali na kizuizi chake. Sisi tumetenga. Twajenga ukuta mrefu mbele, na lango la kupendeza, na nyuma twaacha pengo la kupitisha bomba. Nyoka hana adabu ya kubisha hodi mbele.

Mwacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipohamia Mtopanga, Mombasa, nikazungusha waya wa kuku kiwanja kizima. Mwaujua ule waya, macho yake yaingia vidole viwili. Nikamlipa fundi, nikalala usingizi wa pono. Masika ilipokolea nikamkuta swila bandani, amekwisha kula mayai yangu, hana haraka ya kwenda popote. Aliingilia pembeni, pale waya ulipomwishia fundi siku ya mwisho akaegemeza kipande cha bati.

Tangu hapo nashikilia neno moja: mzunguko mdogo uliokamilika hushinda mkubwa wenye tundu. Kama pesa hazitoshi kuzunguka kiwanja, usizunguke kiwanja. Zungusha banda la kuku, au pale watoto wanapocheza, basi.

Tunamzuia nani? Yuko bafe, wengine mwamwita kifutu, mnene, mzito, hulala njiani akaumiza anayemkanyaga. Yuko swila. Na yule swila mkubwa kuliko wote watemao mate ni wetu: wanasayansi walimpa jina lake, Naja ashei, mwaka 2007, kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken hapo Watamu. Hupita mita 2. Yuko koboko. Halafu yuko yule wa kijani mwenye sumu anayeishi juu ya miembe na mikorosho, na kwa huyo simwahidi mtu kitu. Kama tawi la mwembe wako limevuka ua, umemjengea daraja. Likate kwanza, ndipo uje tuzungumze waya.

Nyoka hupanda kwa kushika. Magamba ya tumbo hukamata kila kikwaruzo. Kwa hivyo ukuta wa mawe ya matumbawe usiopigwa plasta, kwake ni ngazi. Wenye ukuta tayari, msinunue wavu! Pigeni plasta upande wa nje kutoka chini hadi mita moja na zaidi kidogo, kisha niru mpaka kiganja kiteleze. Matundu ya maji ya mvua yafungeni wavu, na muyasafishe majani, la sivyo uwanja utakuwa bwawa, bwawa lilete vyura, na vyura wamlete huyo huyo mnayemkimbia.

Asiye na ukuta anunue wavu wa chuma uliopakwa zinki, macho milimita 6, yaani robo inchi. Dukani nenda na penseli ya mtoto wa shule. Penseli ikipita, urudishe wavu. Mwaniona nasisitiza udogo huu kwa sababu bafe hatagi, huzaa, na mara nyingi huzaa watoto 20 hadi 40 kwa mara moja, kila mmoja mwembamba na sumu yake tayari mdomoni. Zinki nayo iangalieni. Upepo wa bahari hula chuma, na huanzia pale wavu unapogusana na udongo, ambapo jicho halifiki.

Nyavu kuukuu za kuvulia, ambazo naona watu wamezungushia mboga huko Likoni, usithubutu. Nyoka hupenyeza kichwa, mwili ukafuata, akitaka kurudi nyuma magamba yanagoma. Hapo hujamzuia, umemfunga. Asubuhi una swila mzima aliyekasirika, na wewe ndiye wa kumfungua.

Kuweka sasa. Chukua roli ya upana wa sentimita 120. Chimba mtaro wa sentimita 20, ufukie wavu humo, ubaki mita moja juu. Nguzo zote ziwe ndani. Boriti ikikaa nje, umempa mti wa kupandia. Wavu uinamie nje, kiasi cha digrii 30, ili anayepanda ajikute chali hewani. Roli mbili zikikutana, zipishane sentimita 15 na kila shubiri ufunge waya. Wa Nyali na Bamburi najua mtaniambia chini ni mwamba, jembe halizami. Basi kunja wavu kuelekea nje, sentimita 30 zilale juu ya ardhi, uzimwagie zege.

Lango ndilo linaloangusha wengi. Wavu mzuri wa maelfu ya shilingi, na chini ya lango paka anapita akiwa amesimama! Mwaga kizingiti cha zege kilichonyooka, na chini ya lango pigilia ukanda wa mpira wa tairi kuukuu unaogusa kizingiti. Kipimo ni ile ile penseli.

Kisha, kabla ya kufunga kipande cha mwisho, ondoa ndani kila rundo la mawe, makuti na vifuu. Mwaweza kucheka tena, lakini nimeitwa kwa mtu aliyekuwa amemfungia bafe ndani. Ua ulikuwa kamili, kazi safi sana, na mwenyewe amekaa barazani anaogopa kwenda msalani. Nje nako fyeka mita moja kuzunguka, na usiegemeze kitu, si fito, si baiskeli.

Mama pale nyuma auliza juu ya vitunguu saumu, salfa na dizeli. Mama yangu, nyoka hupita juu yake. Mvua moja huondoa vitunguu na salfa, na dizeli hushuka kisimani, na visima vyetu hivi si virefu.

Na paka? Paka mfuge, panya wapungue. Ila jua kwamba siku moja atakuletea nyoka sebuleni kama zawadi.

Akiumwa mtu, avuliwe pete na bangili, asitembee, abebwe hospitali. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka libaki kabatini. Swila akitema machoni, maji safi kwa wingi, papo hapo, kisha hospitali.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti ananiangalia. Vipande vitatu vya wavu nimeviegemeza pale mlangoni, na kimoja ni cha udanganyifu. Penseli ziko juu ya meza. Njooni mmoja mmoja mkijaribu.