Mgandaji: Samaki Mdogo wa Pwani za Baridi

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie viumbe wa pwani za bahari zenye baridi, nami nimemchagua samaki mmoja tu, kwani huyo mmoja anatosha. Wataalamu wanamwita Gobiesox maeandricus. Mimi nitamwita mgandaji. Anaishi mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, kuanzia kusini-mashariki mwa Alaska hadi Baja California nchini Meksiko. Mkubwa wao hufikia sentimita 16 hivi. Kichwa ni kipana, mkia mwembamba, ngozi haina magamba, na rangi yake ya kahawia yenye mabaka humficha vizuri katikati ya kelpi, ule mwani mkubwa wa huko.

Fikirini mahali penyewe. Mawimbi yanapiga mwamba usiku na mchana. Maji yakijaa yanamsukuma huku, yakipwa yanamvuta kule, na mgandaji habanduki. Mapezi yake ya tumboni, yakisaidiwa na ya kifuani, yamekuwa kisahani cha kufyonzea chini ya mwili. Mwaka 2013 watafiti, akiwamo Adam Summers wa maabara ya Friday Harbor katika jimbo la Washington, Marekani, walichapisha vipimo vyao: kumng'oa kunahitaji nguvu ya mara 80 hadi 230 ya uzito wake mwenyewe.

Hapa naomba tutulie, maana ndipo penye utamu. Kikombe cha mpira cha kufyonzea kinashika vizuri kwenye kioo. Kibandikeni kwenye jiwe lenye mikwaruzo, kinaanguka papo hapo, kwa sababu maji au hewa hupenya kwenye vijishimo. Mgandaji hushika jiwe la namna hiyo sawasawa na anavyoshika lililo nyororo, hata likiwa na utelezi. Siri haiko katikati ya kisahani, iko ukingoni. Ukingo ni laini, umejaa vinundu, na kila kinundu kimeota vinyweleo visivyoonekana kwa macho matupu. Ukimvuta samaki huyu, shinikizo ndani ya kisahani hushuka, na ukingo huelekea kuteleza kwenda ndani. Vinyweleo vilivyojipenyeza katika mwamba huuzuia usiteleze, kwa hiyo maji hayapati mwanya. Hakuna gundi hata kidogo! Kinachomkandamiza mwambani ni shinikizo la nje. Kazi yake yeye ni kuulinda ukingo. Kwangu mimi huo ni ufundi unaopita nguvu zote za misuli, na sishangai kwamba wahandisi wameuiga kutengeneza vikombe vinavyoshika mawe.

Chakula chake ni kaa wadogo na wengineo, pamoja na wale konokono wa baharini wenye gamba lenye umbo la kofia, ambao nao ni mabingwa wa kung'ang'ania mwamba. Yeye huwabandua.

Maji yakipwa, hubaki chini ya jiwe lenye unyevu akipumua hewa. Hukohuko jike hubandika mayai, upande wa chini wa jiwe, na dume hukaa nayo kuyalinda. Basi nina ombi kwa yeyote atakayetembea kwenye pwani hizo maji yakiwa yamekupwa: ukigeuza jiwe, lirudishe taratibu, upande uleule ukiwa chini. Mayai yakiachwa juani hukauka, na dume hana namna ya kuyahamisha.