Vyama vinavyopingana vinatawalaje pamoja Ujerumani?

Ndugu zangu, swali ni lile lile kila siku: "Huko Ujerumani vyama vinarushiana maneno kwenye kampeni, kisha vinaingia serikali moja. Wamenunuliana?" Mkisema najisifia Ulaya, au naisema vibaya nchi iliyonipokea, mtakuwa mmenionea. Nawasomea karatasi zao tu.

Karatasi yenyewe, mkataba wa kutawala pamoja wa mwaka 2025 kati ya CDU na CSU, vyama ndugu vya kihafidhina, na SPD, chama cha mrengo wa kushoto wa wastani, ina kurasa 144. Walianza na vikundi kazi 16, kila kimoja na mada yake. Rasimu zao zilipovuja, walichokubaliana kiliandikwa kwa wino mweusi. Wanachobishania kiliwekwa kwenye mabano: buluu ni CDU na CSU, nyekundu ni SPD. Mabano yaliyobaki yakapelekwa kwa wakubwa wa vyama. Hapo ndipo ushirikiano ulipo, jamani: kila upande unajua kwa maandishi umeachia nini. Hata kura bungeni wanakubaliana kupiga pamoja. Hakuna kumkimbia mwenzio ukatafute wingi kwa wapinzani.

Kinachovunja ndoa hizi ni hela. Serikali iliyopita, ya SPD, chama cha Kijani na FDP, chama cha kiliberali, ilihamishia yuro bilioni 60 za mkopo wa korona kwenye mfuko wa tabianchi. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta. Ahadi zikabaki bila pesa, na mwaka mmoja baadaye, 6 Novemba 2024, kansela, yaani mkuu wa serikali, Olaf Scholz wa SPD akamfukuza waziri wa fedha Christian Lindner wa FDP kwa ugomvi wa bajeti. Ikawa mwisho wao. Ndiyo maana mkataba mpya unasema wazi kwamba hatua zote zitategemea kama fedha zipo.

Inanikera mtu akiniambia nyumbani "wamekubaliana" halafu hakuna hata ukurasa mmoja wa kusoma. Huo ni mtazamo wangu, kila nchi na mambo yake. Ila mimi ningeanza kwa kudai maandishi, na ningefungua kwanza sehemu ya bajeti.

Na msidhani saini inamfunga mbunge. SPD waliwauliza kwanza wanachama wao kwa kura, wakakubali. Muungano una viti 328 kati ya 630. Tarehe 6 Mei 2025, kura ya siri bungeni ya kumchagua kansela, Friedrich Merz wa CDU alihitaji 316 akapata 310. Angalau watu 18 wa upande wake hawakumpa. Alipita raundi ya pili siku hiyo hiyo, kwa 325.