Kabla Boriti Hazijang'olewa

Ndugu zangu, nianze na jumba ambalo wengi wenu mmekua mkiliona. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Uso wake unaotazama bahari umepigwa picha na wageni wasiohesabika. Lakini dari je? Na kona iliyo nyuma ya mlango? Mpiga picha huelekeza kamera kwenye kinachompendeza, na kilichobaki mgongoni mwake hupotea.

Ndiyo maana nimekuja na kamera hii ya mfukoni. Ina lenzi mbili zilizopeana mgongo, kila moja huona zaidi ya nusu duara, na programu huzishona picha zake ziwe moja. Ukiifungua kwenye simu unaizungusha kwa kidole: juu, chini, nyuma, kana kwamba umesimama pale pale.

Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa chuo kikuu cha MIT walifunga kamera juu ya gari, wakaupiga picha mji wa Aspen, Marekani, mtaa kwa mtaa, ili mtu autembee kwenye skrini. Vichochoro vyetu gari haliingii. Huku ni miguu tu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Picha mbili hukutana kwenye mshono, na mshono huo huharibika kitu kikiwa karibu sana. Mji Mkongwe ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Mkielekeza lenzi mbele na nyuma, mshono utaangukia ukutani, na nakshi za mlango zitapishana. Igeuzeni: lenzi moja itazame ukuta huu, nyingine ule, mshono ufuate urefu wa kichochoro, ambako vitu viko mbali. Kamera ikae usawa wa macho. Hilo kwangu ni lazima, kwani ikiinuliwa juu mno inaonyesha mji ambao hakuna mkazi aliyewahi kuuona.

Tena, pigeni hodi. Kamera hii huona kila upande. Bibi aliyekaa uani ataonekana hata kama hukumlenga. Ombeni ruhusa, subirini watu wapishe.

Nyumba ya kona hapo nje tumeruhusiwa hadi ghorofa ya juu. Mafundi wanaanza kung'oa boriti Jumatatu. Twendeni sasa, jua bado linaingia dirishani.