Kizunguzungu Baada ya Mazoezi: Namna ya Kumaliza Bila Kuanguka

Haya, karibuni tena watu wa jasho. Leo hakuna zoezi jipya. Leo tunashughulika na zile dakika chache baada ya zoezi: umemaliza raundi ya mwisho, umeshika magoti, mara macho yanaingia giza, masikio yanavuma, kichwa kinakuwa chepesi na sakafu inakuita. Mnaniandikia sana kuhusu hili, na swali huwa lilelile: "Kocha, mimi ni dhaifu?" Hapana. Mara nyingi umemaliza vibaya tu.

Huyu mnayemwona ni binamu yangu. Amekubali kuruka mbele yenu kwa sababu ana deni langu. Binamu, anza. Magoti juu, juu zaidi, deni ni kubwa hilo.

Wakati anaruka, niwaambie kinachoendelea ndani. Misuli ikifanya kazi inataka damu nyingi, kwa hiyo mishipa ya miguuni inapanuka na damu inashuka kwa wingi. Kuirudisha juu si kazi ya moyo peke yake. Angalieni hapa, dogo leta kamera chini, chini, hapa nyuma kwenye shavu la mguu. Kila misuli hii inapokaza, inaibana mishipa inayorudisha damu moyoni, damu inasukumwa juu, na ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi. Ni pampu. Ukikimbia, inafanya kazi bila wewe kuiomba. Ukisimama ghafla, umeizima, ilhali mishipa bado imepanuka. Damu inakaa miguuni, presha inashuka, ubongo unapata pungufu. Ndiyo maana kwenye mbio ndefu wengi wa wanaoanguka huanguka wakishavuka mstari wa kumalizia. Miguu iliyokuwa inakimbia ndiyo iliyokuwa inawashikilia.

Binamu, maliza. Hapana, usishike magoti! Tembea. Tembea tu, zunguka hapa.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: zoezi likiisha, miguu isiishe. Dakika 5 hadi 10 za kutembea, na kama ulikuwa unakimbia, punguza kwanza iwe mbio za pole ndipo utembee. Saa ya mkononi inasaidia. Binamu, inua mkono tuone… dogo, mwanga unapiga kioo. Sogea kushoto. Kushoto kwako. Basi acha, nasoma mwenyewe: mapigo 152. Tunaendelea kutembea. Kama huna saa, tumia mdomo: ukiweza kusimulia ugomvi wa jana mwanzo hadi mwisho bila kukata pumzi, unaweza kusimama.

Mashine ya kukimbilia, usibonyeze kitufe cha kusimamisha ukiwa kasi ya juu. Shusha kidogo kidogo. Ukishuka na kuhisi sakafu bado inatembea, hilo ni jambo jingine, macho na sikio la ndani havijakubaliana bado. Linapita upesi. Shika kishikio, subiri.

Hatua ya pili ni ya yule aliyechelewa, kizunguzungu kimeshafika. Usipambane nacho, na usijifanye unakwenda kuchukua maji. Shuka hapohapo ulipo. Kukaa ni sawa, kulala chali ni bora zaidi, miguu juu ya kiti. Binamu, lala. Vizuri. Mjamzito asilale chali, alale ubavu wa kushoto. Na kama umebeba chuma, kiweke chini kwanza, tafadhali, vidole vya miguu havina spea.

Uko mahali pasipolalika? Pishanisha miguu, mmoja mbele ya mwingine, bana mapaja na makalio kwa nguvu, shikanisha vidole vya mikono kama kulabu halafu vuta kila mkono upande wake. Usibane pumzi. Hiyo inapandisha presha kwa muda, inakupa nafasi ya kutafuta pa kukaa.

Sasa hatua ya tatu, na hapa naomba uache kusoma maoni yaliyo chini ya video. Hii ndiyo inayoangusha watu. Siyo kulala. Kuinuka. Amelala dakika moja, anajisikia safi, anaruka juu kama askari aliyeitwa jina, na sasa anaanguka kutoka urefu wake wote, kichwa mbele. Kwa hiyo utainuka kwa vituo, hata kama unajisikia mzima, hasa kama unajisikia mzima. Kituo cha kwanza ni…

Binamu! Simu hiyo! Kaa chini! Acha iite!

Mmeona? Dogo, usikate hiyo, acha ibaki. Mmeona uso wake ulivyobadilika? Simu tu imeita. Binamu, lala tena, miguu kwenye kiti. Uko sawa? Anatabasamu, yuko sawa, ila ameshika ukuta, na ukuta hautakuwepo kila siku. Tunangoja. Sitaharakisha hapa, na wewe ukiwa nyumbani usiharakishe. Kama unataka kusogeza video mbele, sogeza ile sehemu ya kuruka.

Haya, taratibu. Umelala mpaka kichwa kimetulia kabisa, ongeza dakika mbili juu yake. Geuka ubavu. Tulia. Jisukume kwa mkono ukae. Kaa dakika nzima, chezesha nyayo juu chini, kaza mashavu ya miguu. Goti moja chini, mguu mmoja mbele, shika kiti. Halafu simama, na ukishasimama usiondoke. Simama palepale, umeshika kitu. Madaktari wakitaka kujua kama presha ya mtu inaanguka akisimama, huipima ndani ya dakika 3 za kwanza, kwa hiyo kusimama bila tatizo kwa sekunde tano hakujathibitisha kitu. Giza likirudi, rudi kituo kilichotangulia. Usirudi nusu, usiegemee ukuta ukisubiri. Rudi chini.

Sasa haya mengine nayapitia haraka.

Pumzi. Wanaonyanyua vyuma hubana pumzi, presha inapanda sana, wakiachia inashuka kwa kishindo. Toa pumzi wakati wa kusukuma. Kuna na kinyume chake: unahema haraka na kwa kina kuliko mwili unavyohitaji, hewa ukaa inapungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inajibana, midomo na ncha za vidole zinaanza kuchonyota. Hapo punguza mwendo wa pumzi, toa taratibu kuliko unavyovuta. Habari ya kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi achana nayo. Kama tatizo ni moyo au mapafu, mfuko unakuongezea hatari.

Maji: kunywa kabla, kunywa wakati, kunywa baada, lakini kwa kiu yako. Kumimina lita nyingi kwa mkupuo kunaweza kushusha chumvi ya damu, na dalili zake ni kichefuchefu, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, hivyo mtu anadhani amekaukiwa na kuongeza maji. Chakula: mimi sipendi kufanya mazoezi na tumbo tupu, wengine wanapenda, lakini kama kila ukifunga kula unaona nyota, jibu unalo. Mwenye kisukari apime. Chini ya 70 kwa kipimo cha mg/dL, au 3.9 kwa mmol/L, ni gramu 15 za sukari ya haraka kama yuko macho na anaweza kumeza, kisha apime tena baada ya dakika 15.

Bafu la maji ya moto mara tu baada ya zoezi: naelewa raha yake. Lakini joto linapanua mishipa zaidi, na wewe umesimama, mlango umefunga kwa komeo. Poza mwili kwanza, oga maji ya uvuguvugu.

Unatumia dawa za presha au zinazokojosha? Zinaweza kuchangia. Usiziache kwa sababu ya video yangu; mwambie aliyekuandikia kwamba unafanya mazoezi na unapata kizunguzungu, aangalie dozi na saa ya kumeza. Upungufu wa damu nao huleta hali hii, hasa kama unachoka hata kwa ngazi fupi.

Dogo, sasa njoo karibu na uso wangu. Karibu. Siyo pua.

Yote niliyosema ni ya kichwa chepesi kinachokuja baada ya kusimama na kuondoka ukilala. Ukizirai katikati ya zoezi, miguu ikiwa bado inafanya kazi, hiyo siyo habari ya pampu. Acha mazoezi, kamwone daktari upimwe moyo kabla hujarudi. Vivyo hivyo kama kuna maumivu ya kifua, moyo unakwenda mbio bila mpangilio, pumzi haitoshi hata umepumzika, au kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kutatiza: ita msaada wa dharura saa hiyohiyo. Na mtu aliyefanya mazoezi juani, mwili unawaka, anaongea vitu visivyoeleweka, huyo amepatwa na kiharusi cha joto. Ita msaada na umpoze wakati huohuo, maji baridi mwili mzima, usisubiri wafike.

Kama chumba kinazunguka kweli, hasa ukigeuza kichwa au ukijilaza, shaka inakwenda kwenye sikio la ndani. Mwambie daktari hivyohivyo, "kinazunguka", itamsaidia.

Binamu ameshasimama, vituo vyote, mapigo 96, na simu yake imezimwa. Ratiba yangu ya wiki sita iko kwenye maelezo hapo chini kwa anayeitaka. Dakika za kutembea mwishoni nimezihesabu ndani ya muda wa zoezi, kwa hiyo msiniandikie kuuliza mbona zoezi la dakika 40 lina mbio za dakika 32.